Arobaini ya Fundi: siku tano kutoka Malindi hadi Rasini

Jumanne. Malindi hadi Amu (Lamu)

Nimetoka nyumbani baada ya alfajiri na mfuko mmoja wa begani: kanzu mbili, kofia, dawa za presha, kilo tatu za tende na ratili ya buni. Mke wangu amenihesabia vidonge mara mbili, kisha akanihesabia tena mbele ya mjukuu ili awepo shahidi.

Fundi amefariki Rasini, ambayo kwenye ramani huandikwa Faza, kwa ugonjwa wa sukari. Simu ilinifikia saa nne ya usiku, wameshamzika. Maziko yamenipita, arobaini haitanipita. Hitima ni Ijumaa baada ya sala.

Tulikuwa vijana wanne wa Kismayu, Somalia, Wabajuni, watu wa pwani na visiwa, mtaa mmoja na chuo kimoja cha Kurani. Nimebaki mimi. Majina ya wenzangu sitayaandika. Si siri tena, lakini mkono umezoea: wakati wa utawala wa kijeshi wa Siad Barre barua zilifunguliwa njiani, kwa hiyo tuliandikiana kwa majina ya utani, na majina yale yakatuganda. Mwalimu. Pweza. Fundi. Mimi walikuwa wakiniita Mizani, kwa sababu nilikuwa karani wa kupima samaki kwenye ushirika wa wavuvi, na kwa sababu, wakisema wao, nilipenda kuhukumu.

Daraja la Sabaki, maji mekundu kama kawaida yake. Gongoni, chumvi imerundikwa kama vichuguu vyeupe. Garsen tumekunywa chai yenye tangawizi nyingi. Baada ya hapo barabara inaingia msituni na abiria wanaanza kunyamaza bila ya mtu kuwaambia. Siku hizi ni lami tupu, lakini watu hawajasahau. Juni 2014 watu zaidi ya sitini waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani kwa siku mbili, na baada yake ikaja amri ya kutotoka usiku. Kwa mvuvi wa kamba, usiku ndio mchana.

Kabla ya Witu tumeshushwa sote, wanaume mstari wao, wanawake wao. Askari aliyepokea kitambulisho changu ni kijana wa umri wa mjukuu wangu mkubwa. Amekisoma, akanitazama.

“Mzee, wewe Mbajuni wa huku au wa ng’ambo?”

“Mama yangu mzaliwa wa Rasini,” nikamjibu, na hilo ni kweli. Aliolewa Kismayu akiwa na miaka kumi na sita.

Akanirudishia kadi, akanishika mkono kunipandisha ngazi ya basi. Sina cha kumlaumu. Ila magoti yalikuwa yameanza kutetemeka kabla hajafungua kinywa, na hayakutulia mpaka tukafika mji mdogo wa Hindi.

Magoti haya yalisomea Kismayu. Rais Sharmarke aliuawa tarehe 15 Oktoba 1969, na siku sita baadaye wanajeshi wakatwaa nchi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulipewa nusu siku tukacheze. Mwaka uliofuata tukaambiwa nchi imekuwa ya kijamaa. Ukutani zikapanda picha tatu, Marx, Lenin na mwenyewe Siad Barre. Hapakuwa tena na bwana wala sheikh wala ami. Kila mtu akawa jaalle, yaani mwenzetu. Vijana wa sare za kijani, Guulwadayaal, walikuwa na masikio marefu kuliko punda wa Amu. Jioni unakwenda kituo cha mtaa, hanuunin, unaimba na kupiga makofi. Usipoonekana siku tatu, mtu anakuja nyumbani kukujulia hali. Mpaka leo mgeni akinibishia hodi na kuniuliza “hujambo, mbona hatukukuona?” huwa najibu kwa maneno mengi kuliko yanayohitajika.

Mokowe tumefika jua limeinama. Boti, dakika chache, Amu.

Jumatano. Amu

Nimelala mtaa wa Langoni kwa binamu. Boti ya Rasini haiondoki mpaka kesho maji ya mchana, kwa hiyo leo ni siku ya kungoja, na kungoja ndiko kunakonichosha.

Asubuhi nimekaa Mkunguni, mbele ya ngome. Ilimalizika kujengwa mwaka 1821, na tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza. Sasa ni makumbusho, watoto wa shule wanaingia kwa mstari wakisukumana. Tulipofika hapa kama wakimbizi mwaka 1991 niliona wazee wakipita kando ya ukuta ule kwa haraka kidogo kuliko mwendo wao. Miaka saba imepita tangu gereza lihame na miguu bado haijaambiwa. Nikajua nimefika kwa watu wanaonifahamu.

Mwalimu alikuwa mkubwa wetu kwa miaka minne. Mwaka 1972 serikali iliamua Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini. 1974 shule zikafungwa, walimu na wanafunzi kwa maelfu wakapelekwa malishoni kuwafundisha wafugaji kusoma. Mwalimu akapewa ubao wa kukunja na blanketi, akaenda bara. Mbajuni ambaye kwao watu husema “ndoo” na “ndia”, anakwenda kuwafundisha wenye ngamia lugha yao wenyewe! Tulimcheka hadi gari likapotea. Akarudi amekonda, midomo imepasuka, na hakuwa na hadithi nyingine ila ya watu aliowaacha kule wakitazama mbingu. Ukame ule Wasomali waliuita Dabadheer, wenye mkia mrefu. Mifugo ilikwisha. Mwaka 1975 ndege za Warusi ziliwachukua wafugaji kwa makumi ya maelfu zikawamwaga kusini, wengine mashambani, wengine ufukweni ili wawe wavuvi. Barawa walishushwa watu ambao samaki kwao ni nyoka tu aliyekosa haya.

Mmoja wa wanafunzi wa Mwalimu alikuwa katika hao, kijana wa miaka kumi na saba hivi. Akatoroka Barawa, akafika Kismayu kwa miguu na malori, akimuuliza kila mtu mwalimu yuko wapi. Tulimpa jina la Ngamia. Alilala kwa Mwalimu. Fundi akamfunza kushika tezo, Pweza akamtia majini na yeye akalia kama mbuzi wa kuchinjwa. Simhesabu kati yetu. Nilisema tulikuwa wanne.

Usiku tulisikiliza BBC, Idhaa ya Kiswahili, chumbani kwa Mwalimu, redio imefunikwa taulo. Machi 1978 nchi ilishindwa vita vya Ogaden na Ethiopia, mwezi uliofuata maofisa wakajaribu kupindua serikali wakashindwa, na kutoka hapo hata kuuliza bei ya sukari ilikuwa kama umetukana. Ndipo usiku mmoja Mwalimu akasema, kwa sauti yake ya kawaida, huku anamenya chungwa, kwamba damu ya wale masheikh kumi ina mwenyewe. Masheikh kumi walipigwa risasi Mogadishu Januari 1975 kwa kuipinga sheria mpya ya familia. Basi, hilo tu. Chumbani tulikuwa watano, na Ngamia akiwemo. Mimi neno lile nililirudia kwa mtu mmoja, shemeji yangu wa forodhani, kwa kumsifia Mwalimu ujasiri wake. Huyo ni wa nyumbani.

Siku ya nane wakaja. Hawakuvunja mlango. Walibisha hodi, wakamngojea avae viatu, mmoja akamwambia mama yake asikeshe.

Mama akawa anapeleka chakula langoni alikofungwa kila adhuhuri. Vyombo vilirudi vitupu, kwa hiyo tuliamini anakula. Miezi miwili. Halafu siku moja vikarudi na wali wake ndani, haujaguswa, umeandamwa na nzi. Hakuna aliyetuambia neno. Hakuna karatasi, hakuna maiti. Mama alivipokea, akaviosha, akavifunika kabatini, na hakupika tena samaki wa kupaka maisha yake yote.

Nikasema ni Ngamia. Nilisema kwenye mizani mbele ya wavuvi, nikasema baada ya sala ya Ijumaa, nikasema arusini. Ni nani mwingine? Mgeni, ana kabila lenye watu juu, na mwezi uleule kapata kibarua bandarini. Watu wakaacha kula naye. Pweza akaacha kukaa naye baraza moja. Fundi pekee ndiye aliyeendelea kumpa mkono, na kwa ajili hiyo mimi na Fundi hatukusemezana karibu miaka miwili. Tuliporudi kusemezana ilikuwa kwa sharti langu: jina la yule mtu lisitajwe mbele yangu. Fundi akakubali. Alikuwa mtu wa kukubali kwa mdomo na kubaki na lake.

Hivyo ndivyo utawala ule ulivyofanya kazi yake, kwa maoni yangu. Askari hawakuwa wengi kiasi hicho. Sisi wenyewe tulifanya zamu.

Kahawa imepoa. Binamu ameniletea nyingine bila ya kuuliza.

Alasiri nimekwenda makaburini kumzuru Pweza. Pweza alikuwa mzamiaji wa kamba mawe, na akishuka chini alikaa mpaka aliye juu ya chombo aanze kumsomea shahada. Kisha anaibuka anacheka. Bahari haikumuweza, wala risasi. Siku walipoporwa watu wa mtaa wetu aliruka ua akakanyaga kipande cha bati kilichoota kutu. Tundu dogo, alilifunga kwa kitambaa, akaja nalo mpaka Amu. Siku ya kumi na moja akasema taya zinamkaza. Pepopunda. Mtu yule aliyeweza kushika pumzi kuliko sote alikufa ardhini, juu ya mkeka wa watu, akiitafuta pumzi kwa meno yaliyofungana. Nimeona watu wengi wakifa miaka ile na huyo ndiye ninayemuota.

Waamu walimzika kama mtoto wao. Sanda ilitoka nyumba ambayo mpaka leo sijui ya nani. Kaburi halina jina. Niliweka mwenyewe jiwe la tumbawe kichwani. Leo nimelipata, au nimepata jingine linalofanana nalo. Nimesoma Yasini hapohapo. Mungu ndiye anayejua mwenyewe ni nani.

Alhamisi. Amu hadi Rasini

Boti imeondoka saa nane mchana na maji yakijaa. Nahodha ni kijana, fulana ya mpira, simu kifuani imefungwa katika mfuko wa nailoni. Akina mama wamejaza magunia ya unga na mitungi ya gesi, mimi nimepewa nafasi karibu na injini kwa heshima ya mvi. Heshima hiyo ina moshi mwingi.

Tumepita Mkanda, ule mfereji wa mikoko kati ya Manda na bara. Maji yakipwa haupitiki. Ukitoka upande wa pili unaiona bandari mpya ya Kililana, ambayo meli ya kwanza iliifikia Mei 2021, na kreni zake zimesimama kama korongo wanaongoja samaki. Akina mama hawakugeuza hata shingo. Mimi nilizitazama mpaka zikafifia, kwa sababu mara ya kwanza nilipopita maji haya hapakuwa na kitu pale ila giza, na giza lile lilikuwa zuri.

Siad Barre alikimbia Mogadishu usiku wa tarehe 26 Januari 1991. Kismayu tulifurahi siku mbili. Tulidhani anayeondoka huondoka na vyake, na bunduki zake ndizo alizotuachia. Makundi yakawa yanauteka mji na kunyang’anyana. Mbajuni hakuwa na bunduki, wala hakuwa na kabila katika ugomvi ule, na asiye na kabila wakati ule alikuwa kama nyumba isiyo na mlango. Kundi la kwanza lilichukua vyombo vya baharini na nyavu. La pili lilichukua mabati na vitanda. La tatu likatukuta hatuna kitu, likatupiga kwa kukosa cha kupora. Yaliyowapata dada zetu sitayaandika, kwa sababu nyingine isiyokuwa ile ya majina.

Nyumba ya Fundi haikuguswa. Niliiona kwa macho yangu, mlango wake umesimama, wakati yangu imebaki kuta. Nilimwambia, “Wewe una bahati.” Hakujibu, aliinama akaendelea kukalafati mashua.

Mashua ile aliificha kwenye mikoko na kuimaliza usiku kwa usiku, kwa pamba ya magodoro na sifa, yaani mafuta ya papa, iliyobaki ndani ya debe. Tuliondoka Aprili, watu thelathini na wanne, wakati kaskazi imekwisha na kusi haijaanza. Maleleji. Upepo unavuma kidogo, unafikiri, unaacha. Tukawa tunapiga makasia usiku na kujificha mchana nyuma ya visiwa vyetu wenyewe, Koyama, Chovai, Chula, mahali ambapo kila mwamba tulikuwa na jina lake. Chula wakatupa maji mitungi miwili wakati wao wenyewe hawana. Mtoto mchanga mmoja alifia njiani, na mama yake akakataa kumtoa mikononi hadi Kiunga.

Sisi tulifika. Wengine walipakiwa kwenye vyombo vikubwa vilivyojaa kupita kiasi, na mwaka uleule kimoja kilipiga mwamba karibu na Malindi, wakafa maji watu zaidi ya mia. Nakaa Malindi zaidi ya miaka thelathini sasa. Samaki nauza, ufukweni nakwenda, upande ule sitazami.

Fundi alipelekwa kambi ya Wabajuni ya Jomvu, mimi ndugu wa mama wakanichukua Malindi. Kambi ilipofungwa miaka ya tisini inakwisha, wapo waliorudi visiwani. Yeye akaja Rasini akaanza upya na tezo moja. Siad Barre alifia Lagos Januari 1995. Nilisikia redioni nikiwa naparua samaki, changu. Nilidhani siku hiyo nitahisi kitu. Nikamaliza changu, nikaanza mwingine.

Rasini tumeingia saa kumi na nusu. Mtoto wa Fundi amenipokea gatini. Ana mwendo wa baba yake, wa kutupa mguu wa kushoto nje. Nimelazimika kujifanya nafunga kamba ya kiatu, na mimi nimevaa makubadhi.

Ijumaa. Rasini

Asubuhi kijana amenionyesha kazi ya mwisho ya baba yake, mashua ya futi ishirini na mbili, imebaki ubao wa juu na kalafati. Aliyeiagiza sasa anataka ya faiba. Hatuna la kusema juu ya faiba.

Hitima imesomwa baada ya Ijumaa. Msikiti ulijaa mpaka nje, juzuu thelathini zikagawiwa, tahlili, kisha pilau ya nyama ya ng’ombe na kahawa ya buni yangu. Mzee mmoja aliinuka akasema marehemu hakuwahi kugombana na mtu. Nimeitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba aligombana na mimi, na yeye ndiye aliyekuwa na haki, lakini hilo nimelijua baadaye, kama saa kumi hivi.

Mke wa Fundi yumo edani, hatoki na haonekani. Amemtuma mwanawe aniite. Nimekaa ukumbini kwenye mkeka, mtoto pembeni yangu, na yeye ndani nyuma ya pazia. Tumejuana tangu ni msichana na leo nimezungumza na kitambaa cha maua mekundu. Labda ilikuwa nafuu.

Tumepeana pole kwa urefu wake. Kisha akasema:

“Shemeji, kila Alhamisi usiku mwenzangu alikuwa akiwasomea wale wenzenu. Sasa kazi hiyo nani ataishika?”

“Nitaishika mimi. Mwalimu na Pweza, na yeye mwenyewe sasa.”

Pazia likanyamaza kidogo.

“Na yule?”

“Yupi?”

“Weye hukutaka atajwe. Sasa aliyekuahidi hayupo, na mimi sikukuahidi. Ngamia.”

Mtoto akainamisha kichwa. Alikuwa akijua. Nyumba nzima ilikuwa ikijua.

Akanieleza polepole, kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Usiku ule waporaji walipokuya, wao wamo ndani, taa zimezimwa, yeye na watoto wawili chini ya kitanda, Fundi kashika tezo nyuma ya mlango. Wakasikia sauti nje. Ngamia alikuwa amesimama kizingitini peke yake, mikono mitupu, akiwaambia wenye bunduki kwamba humu ndani mna abti zake, wajomba wa upande wa mama. Wakamcheka: tangu lini Wabajuni wakawa wajomba zako? Akaanza kuwasomea nasaba. Fulani kamzaa fulani, fulani kamuoa binti fulani wa visiwani, babu kwa babu, ya uwongo yote, kaitunga palepale. Kasoma mpaka wakachoka kusikiliza wakaenda nyumba ya pili.

Nyumba ya pili ilikuwa yangu. Sisi tulikuwa tumeshakimbilia mikokoni.

“Mlipofunga safari,” akasema, “yeye ndiye aliyetusindikiza mpaka kwenye mikoko, amebeba debe la maji. Aliposikia kuwa na weye umo chomboni akasimama mbali. Akamwambia mwenzangu, nisije nikawatia nuksi. Akarudi mjini. Wale wa pili walipoingia wakamuuliza ni wa nani, akajibu kwa haki, na wao walikuwa wakiitafuta kabila hiyo. Khabari zake tulizipata Jomvu.”

Nimeuliza nililokuja kuliuliza bila ya kujua kama nimelijia. Je, ndiye aliyempeleka Mwalimu?

“Mwenzangu hakujua. Alisema chumbani mlikuwa watano na kila mmoja ana mdomo. Alisema hataki kujua.”

Nikamuuliza jina la haki la Ngamia, ili niweze kumsomea. Akasema nyumbani mwake Fundi aliitwa Ngamia tu. Mumewe alikuwa akilitaja Alhamisi usiku, lakini kwa sauti ya chini, midomo inatembea, na hakupata kulisikia. Nikamgeukia mtoto. Akatikisa kichwa.

Nimerudi chumba cha wageni. Wakati natawadha kwa magharibi nimekumbuka kwamba shemeji yangu wa forodhani alipandishwa cheo mwaka ule, akatufanyia karamu, na mimi nilikula. Sijui kama nilikuwa nimelisahau. Nimekaa na birika mkononi mpaka iqama ikapigwa.

Jumamosi. Mkanda

Naandika haya botini, kwenye tope. Tumechelewa kuondoka Rasini kwa sababu ya bibi arusi na masanduku yake, na ni bamvua, maji hupwa sana. Maji yametoka Mkanda yakatuacha katikati ya mikoko kama kiatu kilichosahauliwa. Nahodha anasema saa mbili, labda tatu. Bibi arusi analala. Kaa wametoka kwenye matundu yao wanatutazama.

Vijana wa boti wameniambia, “Ami, tusomee dua maji yarudi upesi.” Nikawaambia maji yana saa yake, lakini nitasoma Fatiha kwa watu wangu, nao waitikie.

Nimemsomea Fundi kwa jina lake na la mama yake. Nimemsomea Mwalimu hivyohivyo, na Pweza. Kwa sauti, majina kamili, mbele ya watu nisiowajua. Nimesikia masikio yangu yakipata moto. Halafu nikasita. Maalim wetu wa chuo alitufunza kwamba maiti usipomjua mama yake, mwite mwana wa Hawa. La kufanya usipolijua jina lake mwenyewe hakutufunza.

Nimesema, “Na Ngamia, mwana wa Hawa.”

Kijana aliyeshika pondo alicheka. Akaniona sikucheka, akaitikia amina.